Dondoo Linapovuruga Nyuzi: Kutatua Matatizo ya Kufungia Antioksidanti za Mimea Ndani ya Nyuzinano Zinazolika

Mara nyingi hali huwa hivi: myeyusho wa zeini (protini ya mahindi) au jelatini peke yake unasokoteka kwa umeme bila taabu, yaani volteji kubwa huvuta kioevu kutoka ncha ya sindano kikawa nyuzi nyembamba mno zinazotua kwenye bamba. Mchirizi umetulia, utando unatoka mweupe na laini. Ukitia dondoo la mmea tu, mambo yanageuka. Matone yanaruka, sindano inaziba, nyuzi zinajaa shanga. Au utando unapendeza machoni lakini vipimo vya antioksidanti vinatoa namba zisizoeleweka. Hapo wengi hukimbilia kuongeza volteji.

Volteji iache kwanza. Kama polima (zeini au jelatini, molekuli ndefu kama minyororo) peke yake ilisokoteka kwa kilovolti 18 na umbali wa sentimita 15, mashine haina kosa. Kilichobadilika ni myeyusho. Dondoo si polifenoli tupu, zile antioksidanti za mmea unazozitaka. Lina sukari, chumvi za potasiamu, asidi za kikaboni, tanini na rangi, pamoja na maji au pombe iliyotumika kulichopoa. Kila kimoja kati ya hivyo kina namna yake ya kuvuruga nyuzi, na mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine kutafuta ni kipi kimehusika.

Kabla ya yote, andaa sampuli mbili za kulinganisha. Ya kwanza ni polima tupu. Ya pili ni polima iliyoongezwa kiyeyusho cha dondoo bila dondoo lenyewe, kwa ujazo uleule. Watu wengi huandaa ile ya kwanza tu, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu hawawezi kujua kama shida imeletwa na polifenoli au na maji yaliyozibeba. Pima mnato, upitishaji umeme na pH ya myeyusho yote mitatu, yaani hizo mbili na ule wenye dondoo. Vipimo hivyo vinachukua muda mfupi kuliko kusafisha sindano iliyoziba.

Myeyusho unakuwa na ukungu, vipande au mgando

Dalili hii huonekana ndani ya chupa, kabla ya kuwasha chochote, na ina vyanzo viwili vinavyofanana sana kwa macho.

Chanzo cha kwanza ni kiyeyusho kuharibika. Tufanye hesabu. Una mililita 10 za zeini, gramu 2.5 ndani ya ethanoli ya asilimia 80. Unaongeza mililita 5 za dondoo la maji. Ethanoli ilikuwa mililita 8 ndani ya 10. Sasa ni mililita 8 ndani ya takriban 15, yaani asilimia 53 hivi. Zeini haiyeyuki katika maji matupu wala katika ethanoli tupu. Inahitaji mchanganyiko wa hivyo viwili, na kwenye asilimia 53 umeshaisogeza karibu na mpaka ambapo huanza kujitenga. Wakati huohuo zeini yenyewe imeshuka kutoka asilimia 25 hadi chini kidogo ya 17. Kwa hiyo hata ikibaki imeyeyuka, mnato umepungua sana na utapata shanga. Kitendo kimoja, makosa mawili.

Dawa yake ni kukausha dondoo kwanza, kwa kugandisha na kukausha katika ombwe ukiweza, kisha kuyeyusha unga wake katika ethanoli ileile ya asilimia 80, kuchuja, na ndipo kuongeza zeini kidogo kidogo huku ukikoroga. Polima iingie mwisho. Ukifanya kinyume, tone la dondoo linapogusa myeyusho mzito wa protini hutengeneza donge pale pale linapoangukia, na donge hilo halikorogeki tena.

Chanzo cha pili ni tanini kushikana na protini. Jelatini na zeini zote zina prolini nyingi, na tanini hupenda sana protini za aina hiyo. Ndiyo maana tanini hutumika kusafisha vinywaji kwa msaada wa jelatini: vikikutana, vinatuama. Mshikamano huwa mkali zaidi pH inapokuwa karibu na ile ambayo protini haina chaji kwa jumla. Kwa jelatini ya aina A hiyo ni kama 7 hadi 9. Kwa aina B ni karibu na 5. Ikiwa dondoo lako limeshusha pH ya jelatini ya aina B kutoka 6 hadi 5, umeipeleka jelatini mahali pabaya kabisa. Shuka chini zaidi kwa asidi asetiki, au badilisha aina ya jelatini.

Utatofautishaje vyanzo hivi viwili? Tazama ile sampuli ya pili. Kama nayo ina ukungu, lawama ni ya kiyeyusho. Kama iko safi, lawama ni ya dondoo.

Kuna mgando mwingine usiohusiana na dondoo. Jelatini ya maji huganda ikipoa chini ya nyuzijoto 30 hivi. Ama pasha bomba la sindano joto, ama tumia asidi asetiki ambayo huizuia isigande. Lakini usiulaze myeyusho wa jelatini na asidi kwa siku nyingi, kwani asidi huikata minyororo taratibu na mnato hushuka. Zeini katika ethanoli nayo huelekea kuganda ikikaa. Tengeneza kiasi cha kazi ya siku hiyo.

Matone badala ya nyuzi, au nyuzi zenye shanga

Uzi hupatikana minyororo ya polima inapokuwa mirefu na mingi kiasi cha kusukana, ili umeme ukiivuta isiachane. Isiposukana, mchirizi hukatika kuwa matone. Ikisukana nusunusu, unapata shanga zilizounganishwa na vijiuzi. Dondoo huvuruga hali hii kwa njia kuu mbili: kupunguza ukolezi wa polima, kama tulivyoona, au kushika minyororo na kuifanya ijikunje ndani yake yenyewe.

Kama mnato umeshuka, ongeza polima kwa asilimia mbilimbili hadi shanga ziishe. Kama mnato haujashuka lakini shanga zipo, tazama mvutano wa uso. Maji yana takriban milinyutoni 72 kwa mita, ethanoli 22 tu. Mvutano huo ndio unaotaka kuufanya mchirizi uwe matone, hivyo myeyusho wa maji una mzigo mkubwa zaidi wa kubeba. Lesithini kidogo au polisobeti 80 husaidia kuupunguza. Pombe pia husaidia, ila kwa pululani (polima ya sukari) uwe mwangalifu, kwa kuwa ethanoli ikizidi huiangusha.

Baadhi ya polima hazitasokoteka peke yake hata uzibembeleze. Protini za maji ya maziwa (whey) zimejikunja kama mipira midogo. Alginati ina minyororo migumu isiyosukana. Kitosani ina chaji nyingi zinazosukumana. Hizi zinahitaji polima ya kubebea, na kwa kazi ya chakula mimi huchagua pululani kwanza. Inayeyuka ndani ya maji, haina ladha, na husokoteka kwa urahisi.

Mchirizi unayumba, unagawanyika au unakatika

Kwenye ncha ya sindano panapaswa kuwa na koni iliyotulia, ile ambayo Geoffrey Taylor aliieleza kihesabu mwaka 1964. Weka taa pembeni na kitambaa cheusi nyuma, kisha itazame kwa kamera ya simu iliyokuzwa. Koni inaeleza mengi. Ikining'inia kama tone kubwa na kudondoka, kioevu kinaingia haraka kuliko umeme unavyokivuta: punguza kasi ya pampu. Ikirudi ndani ya sindano na mchirizi kutokea ukingoni, volteji imezidi au kasi ni ndogo mno. Ikitoa michirizi miwili mitatu inayocheza huku na huku, pima upitishaji umeme.

Hapa chumvi za mmea ndizo za kushukiwa. Chumvi kidogo ni msaada, kwa sababu chaji ikiongezeka mchirizi huvutika zaidi na nyuzi huwa nyembamba. Ikizidi, chaji haikai sawasawa juu ya uso na koni haitulii. Dondoo la maji ambalo halijasafishwa linaweza kupandisha upitishaji umeme mara kadhaa. Usihangaike na volteji, lisafishe dondoo. Lipitishe kwenye safu ya rezini ya kufyonza, suuza kwa maji ili sukari na chumvi ziondoke, kisha toa polifenoli kwa ethanoli. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote katika kazi hii, na ajabu ni jinsi inavyorukwa. Inaondoa shida ya koni, shida ya utando kunata, na sehemu ya shida za vipimo, yote kwa siku moja.

Sindano inaziba

Zeini na ethanoli wana tabia hii hata bila dondoo. Ethanoli hukauka haraka, ngozi ya zeini hujengeka kwenye ncha, na baada ya muda koni hufa. Hewa kavu na ya joto huongeza tatizo. Jaribu ethanoli ya asilimia 70 badala ya 80, ongeza kasi kidogo, au tumia sindano ya tundu pana zaidi. Asidi asetiki hukauka polepole na hutoa nyuzi za mviringo, wakati ethanoli mara nyingi hutoa nyuzi bapa kama utepe, kwa kuwa ngozi ya nje hukauka kabla ya ndani na kisha hubonyea. Bei yake ni harufu ya asidi inayobaki, ambayo lazima iondolewe katika ombwe.

Kama kuziba kumeanza tu baada ya kutia dondoo, kuna chembe. Chuja dondoo kwa chujio la mikromita 0.45 kabla ya kulichanganya, kwani myeyusho wa polima ukishakuwa mzito hauchujiki.

Usiguse ncha wakati umeme unawaka. Zima, gusisha sindano kwa fimbo iliyounganishwa na ardhi ili chaji iondoke, ndipo upanguse. Mvuke wa ethanoli na cheche havipaswi kukutana, hivyo hewa ya chumba iwe inatoka nje, ila upepo usipige moja kwa moja kwenye mchirizi.

Utando unanata, au nyuzi zimeungana

Pima unyevu wa hewa. Nyuzi za myeyusho wa maji zinazofika kwenye bamba zikiwa bado mbichi huyeyukiana. Ongeza umbali, punguza kasi, au subiri hewa ikauke. Chini ya asilimia 50 ya unyevu kazi huwa rahisi. Lakini kama utando ulitoka mkavu kisha ukalainika baada ya saa chache ndani ya droo, hiyo ni sukari ya dondoo inayovuta maji kutoka hewani. Weka katika chombo chenye jeli ya silika, na safari ijayo safisha dondoo.

Rangi imebadilika

Rangi ni kipimo cha bure, na hueleza sababu kwa uwazi kuliko mashine nyingi. Anthosianini, rangi za matunda na maua mekundu hadi buluu, ni nyekundu kwenye pH chini ya 3, hufifia kati ya 4 na 5, kisha huelekea zambarau na buluu. Utando uliofifia hauna maana kwamba rangi imekufa: dondoshea tone la asidi. Ikirudi nyekundu, ilikuwa pH tu. Isiporudi, imeharibika kweli.

Dondoo la majani ya kijani likigeuka rangi ya mzeituni ndani ya asidi asetiki, klorofili imepoteza magnesiamu yake. Kurkumini, rangi ya manjano, ikigeuka kutoka njano kwenda wekundu wa kahawia, pH imepanda, na katika hali hiyo huvunjika haraka. Weusi au ukijivu humaanisha chuma kimegusana na tanini: kagua vyombo na maji. Kahawia inayozidi siku hadi siku ni uoksidishaji. Nyuzi zina eneo kubwa sana la uso kwa kila gramu, hivyo oksijeni na mwanga hufika kila mahali. Funga kwenye foili, toa hewa, weka baridini. Ukinusa harufu kali ya ozoni wakati wa kusokota, kuna umeme unaovuja hewani, na ozoni hula zilezile antioksidanti unazojaribu kuzilinda. Punguza volteji na lainisha ncha zote kali za waya.

Vipimo vya antioksidanti haviingii akilini

Hapa ndipo makosa hujificha vizuri zaidi, kwa sababu mashine hutoa namba hata pale namba haina maana.

*Polifenoli nyingi kuliko ulizotia.* Kitendanishi cha Folin–Ciocalteu, kinachosomwa kwenye nanomita 765, hakitambui polifenoli peke yake. Hubadilika rangi pia kwa tairosini na triptofani za protini, kwa vitamini C, na kwa baadhi ya sukari. Zeini ina tairosini ya kutosha kukudanganya. Pima nyuzi tupu kwa uzito uleule wa protini, kisha toa.

*Nguvu ya antioksidanti imeshuka bila sababu.* Swali la kwanza: je, dondoo lilitoka ndani ya uzi? Kipimo cha DPPH, kitendanishi cha zambarau kinachofifia kinapokutana na antioksidanti, hufanyika katika methanoli au ethanoli, na zeini huvimba tu humo bila kuyeyuka yote. Unapima kilichochungulia nje. Yeyusha uzi wote katika ethanoli ya asilimia 80 kwanza. Ukiongeza hapo DPPH ya methanoli tupu, sehemu ya protini inaweza kuanguka tena na kuleta ukungu. Ukungu hutawanya mwanga, mashine husoma ufyonzaji mkubwa, nawe unaandika kwamba dondoo ni dhaifu. Jelatini hufanya hivyohivyo, na zaidi. Zungusha sampuli katika mashine ya kutenganisha kabla ya kusoma, kila mara.

*Dondoo la rangi nyekundu linaonekana dhaifu kwa DPPH lakini lina nguvu kwa ABTS, kipimo kingine cha aina hiyohiyo.* DPPH husomwa kwenye nanomita 517, na anthosianini hufyonza mwanga karibu na 520. Rangi ya dondoo inasomwa kana kwamba ni DPPH iliyobaki. Andaa sampuli ya rangi: dondoo bila DPPH, kisha toa. Kwa madondoo mekundu ningeanza na ABTS, inayosomwa kwenye 734, mbali na rangi hizo.

*Ufanisi wa kufungia, yaani sehemu ya polifenoli iliyokaa ndani ya nyuzi, haufanani na wa watu wengine.* Angalia kwanza mgawanyo. Tuseme, kwa mfano, nyuzi zako zilipaswa kuwa na miligramu 2 za polifenoli. Ukiyeyusha nyuzi zote unapata 1.7, ukisuuza uso tu unapata 0.2. Ukigawanya zilizofungiwa, 1.5, kwa 1.7, ufanisi ni asilimia 88. Ukigawanya kwa 2, ni asilimia 75. Namba zote mbili huandikwa kwa jina moja. Andika wazi umegawanya kwa nini.

Na zile miligramu 0.3 zimekwenda wapi? Swali hili halipaswi kuachwa. Chukua nyuzi tupu, ziyeyushe, tia polifenoli za kiasi unachokijua, kisha pima. Ukipata pungufu, njia yako ya kupima ndiyo inayopoteza, labda kwa sababu protini imezishika na kutuama nazo. Ukizipata zote, upotevu umetokea wakati wa kutengeneza: chunguza masalia ndani ya bomba la sindano, na uoksidishaji.

Hakikisha pia kwamba kiyeyusho cha kusuuzia uso hakifungui uzi. Ethanoli ya asilimia 70 kwenye zeini, au maji kwenye pululani, haisuuzi uso. Inayeyusha nyumba nzima.

Dondoo linatoka lote kwa mkupuo

Kama dakika za mwanzo tu zimetoa karibu kila kitu, dondoo lilikuwa juu juu. Molekuli zinazopenda maji husafiri na kiyeyusho kuelekea uso wakati uzi unakauka, na ukipakia nyingi mno hakuna nafasi ndani. Punguza kiasi kwanza kabla ya kutafuta ufundi. Kisha linganisha tabia: kurkumini hukaa vizuri ndani ya zeini kwa sababu zote mbili huepuka maji, polifenoli za maji hazina sababu ya kubaki humo. Kwa hizo tumia sindano mbili zilizopachikana, dondoo katikati na zeini nje, au emalsheni (matone madogo ya dondoo ndani ya kioevu kisichochanganyika nalo).

Nyuzi za jelatini zikitoa kila kitu, yawezekana zimeyeyuka zenyewe. Unganisha minyororo yake kwa joto kavu, kwa glukosi na joto, au kwa jenipini (kiunganishi kutoka tunda la gardenia). Glutaraldehidi hufanya kazi vizuri lakini ni sumu, na haina nafasi katika kitu cha kuliwa. Vivyo hivyo viyeyusho vya klorofomu na heksafluoroisopropanoli: nyuzi zinazotengenezwa nazo zinaweza kuwa nzuri sana chini ya hadubini, na bado zisistahili kuitwa zinazolika.

Nyuzi nzuri, ila hazitoshi

Hili si kosa la mashine. Mililita moja kwa saa ya zeini ya asilimia 25 hutoa gramu 0.25 za nyuzi kavu. Saa nane hutoa gramu 2, pasipo kuziba hata mara moja. Orodhesha vipimo vyote na marudio yake kabla ya kujaza bomba: nyuzi za Folin, za ABTS, za utoaji, za hadubini, za kuhifadhiwa, na kiasi hichohicho cha nyuzi tupu. Zinaposhindikana kutoshea ndani ya siku moja, sokota nyuzi tupu na zenye dondoo siku zilezile, nusu kwa nusu, katika unyevu uleule wa hewa, ili ulinganishe dondoo na si hali ya hewa.